Barua kwa Mhariri: Sigara ya moja moja inaivunja sheria nzima ya tumbaku

Mhariri,

Kila Juni bajeti inaposomwa, mjadala wa tumbaku nchini Kenya hurudi palepale: ushuru upande au usipande, na ukipanda, magendo yatazidi au hayatazidi. Ni maswali halali. Lakini kuna jambo linaloonekana dogo ambalo hupitwa mwaka baada ya mwaka, nalo ndilo linaloamua kama ushuru, picha za onyo na umri wa kununua vitafanya kazi au la. Ni sigara inayouzwa moja moja.

Biashara hiyo ni haramu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, hairuhusu sigara kuuzwa nje ya pakiti, wala katika pakiti yenye chini ya sigara kumi. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Kenya iliutia saini na kuuridhia siku moja, Juni 25, 2004, unaelekea huko huko. Kifungu chake cha 16 kinazitaka nchi zijitahidi kupiga marufuku uuzaji wa sigara moja moja au katika vipakiti vidogo vinavyowarahisishia watoto kununua. Miaka imepita, na pakiti iliyofunguliwa bado iko juu ya meza ya mchuuzi kwenye steji za matatu, katikati ya peremende na njugu, na kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi ili mteja awashe papo hapo.

Tuanze na ushuru, maana hapo hesabu iko wazi. Sheria za kodi ziliporekebishwa Desemba 2024, ushuru wa bidhaa kwa sigara ulisawazishwa kuwa Sh4,100 kwa kila sigara elfu moja, yaani Sh82 kwa pakiti ya sigara 20. Sigara zenye kichujio zilikuwa zikitozwa Sh4,067.03, kwa hiyo nyongeza ilikuwa karibu Sh33 kwa elfu: senti 66 kwa pakiti, senti tatu na ushei kwa sigara moja. Hakuna sarafu ya senti tatu. Kwa anayenunua moja, nyongeza hiyo ni kama haikuwahi kutokea.

Zisizo na kichujio zilikuwa Sh2,926.41, zikapanda kwa takriban Sh1,174 kwa elfu. Hiyo ni Sh23.47 kwa pakiti, Sh1.17 kwa sigara. Sasa tazama yanayofuata mezani kwa mchuuzi. Hawezi kudai Sh1.17. Ama ataimeza nyongeza mwenyewe, ama atapandisha bei hadi sarafu inayofuata. Akipandisha kwa Sh5, pakiti ile ile inamletea Sh100 zaidi, na katika hizo Serikali imechukua Sh23.47. Sh76.53 zilizobaki zinagawanywa na wafanyabiashara. Mvutaji amelipa kama aliyepandishiwa ushuru mara nne, afya ya umma haikupata fedha hizo, na mchuuzi amepata sababu nzuri zaidi ya kuendelea kufungua pakiti.

Ndiyo maana nyongeza za senti hazizuii mtu yeyote kuvuta. Zinaonekana kwenye jedwali la Hazina tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kodi zote kwa jumla zifike angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja. Kwa maoni yetu, njia ya kufika huko ni nyongeza chache zilizo kubwa, zilizotangazwa mapema kwa miaka mitatu mfululizo, kila moja ikizidi mfumuko wa bei na ikitosha kuhamisha bei ya sigara moja kutoka sarafu hadi sarafu. Na ziende sambamba na kufungwa kwa biashara ya moja moja. Bila hivyo ni kuteka maji kwa pakacha: anayeshindwa kununua pakiti habanwi na chochote, ananunua tatu leo na tatu kesho.

Picha za onyo nazo zinapotea kwa njia hiyo hiyo. Sheria iliweka onyo lichukue asilimia 30 ya uso wa mbele wa pakiti na asilimia 50 ya uso wa nyuma, kwa Kiingereza na Kiswahili. Kanuni za 2014 zikaongeza picha. Kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilizipinga kanuni hizo kuanzia Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliitupa rufaa Novemba 26, 2019. Nguvu iliyotumika kuzipinga inatosha kuonyesha kwamba picha hizo zina makali. Makali hayo yanamfikia nani? Pakiti moja ikiuzwa kwa watu kumi na watano, watu hao kumi na watano wanaondoka na karatasi nyeupe isiyo na neno lolote. Anayeitazama picha kutwa nzima ni mchuuzi, na mara nyingi ameigeuza uso chini. Kanada iliona pengo hilo, na tangu Agosti 2023 kanuni zake zinataka onyo lichapishwe kwenye kila sigara, karibu na kichujio. Kenya inaweza kuandika kanuni ya namna hiyo. Maneno mawili yanatosha, kwa Kiswahili, wino usiofutika kwa kidole.

Sasa mtoto. Sheria inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na inataka tangazo la katazo hilo libandikwe mahali pa mauzo. Mtoto wa darasa la saba hana bei ya pakiti. Ana sarafu ya nauli au ya andazi, na hiyo ndiyo bei ya sigara moja. Zaidi ya hapo, sigara moja haina pa kuonekana: haihitaji kufichwa kwenye begi, inaisha kabla ya kufika nyumbani. Kuna pia desturi ya mtu mzima kumtuma mtoto "niletee moja, iwashe kwa jirani". Sheria haina msamaha kwa aliyetumwa. Muuzaji anayempa mtoto sigara ya baba amevunja sheria sawa na anayempa ya kuvuta mwenyewe, na hilo halisemwi vya kutosha katika mikutano ya wazazi.

Uzito wa jambo hili unatokana na jinsi nikotini inavyofanya kazi. Ikivutwa kwa moshi hufika kwenye ubongo kwa sekunde kumi hadi ishirini, haraka kuliko ikidungwa kwenye mshipa wa mkono. Kiasi chake mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, na upungufu huo ndio unaomrudisha mtu mezani kwa mchuuzi. Ubongo wa kijana unaendelea kukua hadi karibu na umri wa miaka 25, na unazoea mzunguko huo upesi kuliko wa mtu mzima. Pakiti ingeuliza mtu kama kweli anataka kuanza. Sarafu haiulizi.

Tunajua hoja inayotolewa mara nyingi, hata na watu wenye nia njema: kununua moja moja kunamsaidia mvutaji kupunguza. Ina mantiki kidogo, na wapo wanaokataa kubeba pakiti kwa sababu hiyo. Lakini mwili unafidia. Aliyetoka kwenye sigara kumi hadi tano huvuta kwa nguvu zaidi, hushikilia moshi kifuani kwa muda mrefu zaidi na humaliza hadi kwenye kichujio, hivyo nikotini na gesi ya kaboni monoksidi anazopata hazipungui kwa nusu. Moyo nao haufuati hesabu ya sigara. Hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo kwa anayevuta moja tu kwa siku inakaribia nusu ya ile ya anayevuta ishirini. Kisha kuna meza zenyewe. Anayejaribu kuacha hupita mbele ya pakiti iliyofunguliwa na kiberiti kinachoning'inia mara nane, mara kumi, kabla ya kufika kazini. Kila meza ni jaribu, na bei ya kushindwa ni sarafu moja.

Hapa tunawaomba wahudumu wa afya jambo moja. Acheni kumuuliza mgonjwa "unavuta pakiti ngapi?" Anayenunua moja moja atajibu "sivuti pakiti", na kwenye kadi ataandikwa kama asiyevuta sana. Muulizeni: baada ya kuamka, inapita dakika ngapi kabla ya sigara ya kwanza? Anayeivuta ndani ya dakika tano ameshikwa vibaya, hata kama kwa siku ni sita tu. Aliye ndani ya nusu saa anahitaji msaada wa dawa pamoja na ushauri. Ulizeni pia ananunua wapi, kwa sababu mpango wa kuacha usiobadilisha njia anayopita asubuhi huvunjika wiki ya kwanza.

Na dawa zenyewe zina tatizo la bei linalofanana na hili, ila limegeuzwa. Bazoka (chingamu) na plasta za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Matibabu kamili huchukua wiki nane hadi kumi na mbili. Mvutaji hulipia sigara kwa sarafu, lakini anapotaka kuacha anaombwa noti za wiki nzima kwa mkupuo. Kliniki za umma zikianza kutoa dozi ya wiki ya kwanza bure, na mgonjwa akarudi siku ya saba kuchukua ya pili, pengo hilo litapungua. Anayepewa bazoka aelekezwe pia matumizi, maana wengi huitafuna kama peremende, kinywa kikawaka, wakaitupa. Hutafunwa taratibu mpaka ladha kali itokee, ikawekwa kati ya shavu na ufizi mpaka ladha ipotee, kisha ikatafunwa tena, kwa nusu saa. Chai, kahawa na soda zisinywewe dakika kumi na tano kabla yake, kwa kuwa huzuia nikotini kupenya.

Sheria hii ikitekelezwa kwa sigara peke yake itawaacha wanawake nje. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta watu milioni 2.5 wenye umri wa miaka 15 na zaidi wakitumia tumbaku, asilimia 11.6 ya rika hilo: wanaume asilimia 19.1, wanawake asilimia 4.5. Wanawake wanaovuta walikuwa asilimia 0.8 tu. Wanaotumia tumbaku isiyo na moshi walikuwa asilimia 3.8. Kwa maneno mengine, tumbaku ya wanawake wa Kenya kwa sehemu kubwa ni ugoro, na ugoro unaopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kipande cha nailoni hauna onyo, hauna stempu ya ushuru wala jina la aliyeutengeneza. Ni sigara ya moja moja kwa sura nyingine. Kanuni yoyote mpya iutaje kwa jina.

Kuhusu magendo, sekta ya tumbaku husema kwamba ukibana sana, sigara za mpakani zitajaa. Tunaitazama hoja hii kinyume. Tangu 2013 Mamlaka ya Ushuru imekuwa ikibandika stempu kwenye pakiti, na mwananchi anaweza kuihakiki kwa programu ya simu ya Soma Label. Kinga hiyo yote iko kwenye pakiti. Pakiti ikishafunguliwa stempu imechanika, na mnunuzi wa moja hana cha kuhakiki. Ni rahisi pia pakiti halali iliyokwisha kujazwa tena sigara zisizolipiwa ushuru, zikauzwa kwa sarafu ile ile. Meza ya moja moja ndiyo mlango wa magendo ulio wazi kuliko yote, na anayeogopa magendo kwa dhati angetaka ufungwe kwanza.

Kwa nini basi haufungwi? Tumeona msako wa siku tatu: askari wa kaunti wanapita, masanduku ya wachuuzi yanabebwa, wengine wanatoa kitu kidogo, na siku ya nne kila meza iko mahali pake. Aliyeumia ni mnyonge kuliko wote katika mnyororo huu. Msambazaji aliyempelekea katoni hakuguswa. Hatutaki mchuuzi afungwe jela. Tunataka utaratibu unaoanzia juu na unaoacha ushahidi.

Afya ya umma ngazi ya chini, pamoja na leseni za biashara, ni kazi ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, kwa hiyo mabunge ya kaunti yasingoje Nairobi. Hatua ya kwanza ni leseni ya kuuza tumbaku iliyotengwa na leseni ya kawaida ya biashara. Iwe na nambari inayobandikwa dukani, itolewe kwa duka lenye mlango na anwani, isitolewe kwa meza ya kutembea wala kwa duka lililo karibu na lango la shule. Sharti lake kuu liwe fupi: hakuna pakiti iliyofunguliwa mahali pa mauzo. Sharti hili ndilo litakaloamua kesi. Leo mkaguzi lazima ashuhudie sigara ikibadilisha mikono. Akikosa, mchuuzi husema pakiti ni yake ya kuvuta, na kesi imekwisha. Pakiti wazi juu ya kaunta ikiwa kosa lenyewe, picha moja inatosha.

Hatua ya pili ni msambazaji. Yeye anajua kila kioski kwa jina, maana ndiye anayekipelekea mzigo. Azuiwe kumuuzia asiye na leseni, na awasilishe kwa kaunti kila robo mwaka orodha ya maduka aliyouzia na idadi ya pakiti. Akipatikana amelisha meza zisizo na leseni, yeye ndiye atozwe faini ya kwanza, na iwe kubwa kuliko ya mchuuzi.

Ukaguzi nao una namna yake. Waende maafisa wawili, si mmoja, ili pasiwe na mazungumzo ya pembeni. Mnunuzi wa majaribio awe mtu mzima wa miaka 18 hadi 20 mwenye sura changa, abebe kitambulisho, na akiulizwa umri aseme kweli. Noti yake inakiliwe nambari kabla hajatoka. Akiuziwa moja, sigara iwekwe kwenye bahasha, iandikwe saa, mahali na bei, isainiwe na wote wawili palepale. Ziara ya kwanza iishie kwa onyo la maandishi, ya pili ndani ya siku thelathini iwe ya kunyang'anya shehena, ya tatu iondoe leseni. Kesi nyingi hufa kwa sababu bahasha haikusainiwa au saa haikuandikwa, si kwa sababu kosa halikutendeka. Na wakaguzi wabadilishe saa. Anayekagua saa nne asubuhi hataona mauzo ya watoto, ambayo hutokea kabla ya kengele ya asubuhi na baada ya shule kufungwa.

Kuna mtego mmoja wa kuuziba mapema. Moja moja ikizuiwa huku pakiti ya kumi ikiendelea kuruhusiwa, soko litahamia kwenye pakiti ya kumi, na ikibidi watu wawili watachanga. Umoja wa Ulaya uliweka kiwango cha chini kuwa sigara 20 katika mwongozo wake wa 2014. Wabunge wanaoshughulikia marekebisho ya sheria, ambao macho yao kwa sasa yako kwenye sigara za kielektroniki na vifuko vya nikotini, waongeze kifungu hicho. Ni sentensi moja.

Wachuuzi watapoteza kitu, na si haki kulifumbia macho hilo. Sigara huwavuta wateja wanaonunua pia maji na peremende. Wapewe miezi sita ya notisi, kwa maandishi na kwa lugha wanayoielewa, badala ya kushtukiziwa. Fedha za kazi hii zina chanzo. Kanuni za 2014 ziliweka mchango wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa za tumbaku zinazotengenezwa au kuingizwa nchini, uende kwenye Hazina ya Kudhibiti Tumbaku, na Mahakama ya Juu ikauacha usimame. Wizara ya Afya ichapishe kila mwaka kiasi kilichokusanywa, kilichotumika na kaunti iliyokipata, kwa shilingi kamili.

Mwisho, kaunti ipime kazi yake kwa kitu kinachohesabika. Ichague maeneo hamsini ya mauzo, yale yale, iyapitie kila baada ya miezi mitatu bila kutangaza, na ihesabu mambo matatu: pakiti zilizofunguliwa, tangazo la umri lililobandikwa, na kiberiti kilichofungwa kwa uzi. Matokeo yabandikwe kwa kila wadi. Kiberiti kisiachwe nje ya hesabu hata pakiti ikiwa haionekani, maana anayenunua pakiti nzima huenda nayo zake, na kiberiti cha uzi huwekwa kwa ajili ya anayenunua moja.

Wenu,
Kundi la maafisa wa afya ya umma, Kenya